Makasi ya Papa Anatoli

Juzi niliona makasi msumarini dukani, kila mfanyakazi akiyachukua apendavyo, nikamkumbuka Papa Anatoli, aliyefunga duka lake la vitambaa zamani pale Mushaki. Makasi yake aliyavaa shingoni kwa kamba, hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Kwangu mimi mtoto, alikuwa mfalme. Papa Yosefu, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, yake aliyaacha mezani, wafanyakazi wakakata wenyewe.

Alasiri moja kabla ya Noeli, Papa Anatoli alikuwa ameenda Sake. Duka lake lilinukia vitambaa vipya.

"Mama, kitambaa iko," mfanyakazi alimwambia mama kwa haya. "Makasi njo haiko."

Mama akanishika mkono, tukavuka tope la barabara hadi kwa Papa Yosefu, wateja wengine nyuma yetu.

Siku ya Noeli nilivaa gauni jipya, nikimhurumia Papa Yosefu: maskini, hata makasi yake mwenyewe hana.