Tundu la Elektroni

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Mbarara, shirika lililokuwa likinisomesha lilimtuma mwanamke mmoja kutoka Kampala aje kuandika habari zangu kwa ajili ya wafadhili. Hakutaka tukutane chumbani kwangu Nyamityobora. Alitaka Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwa mama. Nyumba ya udongo inapendeza zaidi kwenye picha.

Mama alimpokea vizuri. Alimpa kiti kizima kuliko vyote, akamchemshia chai ya maziwa. Tulikuwa wafugaji kule Kivu ya Kusini, na kwa mama kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni kumtukana.

Mgeni akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia fizikia, na kwamba mradi wangu ni matundu ndani ya silikoni.

"Silikoni ile ya simu?"

"Hiyo hiyo. Chukulia benchi la kanisa limejaa watu, mmoja wa katikati akatoka. Wa upande wa kulia anasogea pale, halafu jirani yake naye anasogea. Watu wanakwenda kushoto, nafasi tupu inakwenda kulia. Elektroni zinafanya hivyo. Ile nafasi tunaiita tundu, na tunaihesabu kama chembe. Ina uzito wake, ina chaji yake, inabeba umeme."

Uso ukamchangamka. "Kumbe ni nyinyi wakimbizi! Nafasi tupu inatembea tu, hakuna mutu anaiona, lakini ndiyo inabeba nguvu. Nitaanza na hiyo."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Tundu ni tundu. Mimi ni mtu. Sikwenda kusoma fizikia ili nijitafute humo. Andika kwamba nasomea matundu ya elektroni, basi."

Alicheka, akidhani naona haya. "Dada, watu ya kule hawataelewa hiyo elektroni."

"Waeleze. Wewe umeelewa sasa hivi."

Mama akanikanyaga mguu. "Mwana wangu, umuachie. Ni mugeni."

Sikumwachia. Nilimwambia kwamba akiandika mimi ni nafasi tupu, asitumie jina langu wala picha yangu. Alimaliza chai yake kwa adabu, akashukuru, akarudi kwenye gari mapema kuliko alivyopanga.

Vumbi la gari halijatulia, mama akaanza. "Bale batu banakulipia masomo! Sasa umepata nini?"

"Sijapata kitu. Lakini mama, mimi ni fasi ya bure, nafasi tupu?"

Alikusanya vikombe bila kunitazama. "Hapana. Weye nilikuzaa." Kisha, hasira bado iko sautini: "Lakini ile tundu yako, iko ao haiko?"

Siku nzima hakuna aliyeniuliza swali zuri kama hilo. Nikamweleza kwamba ukipitisha umeme kwenye kipande cha silikoni na kukiweka kwenye sumaku kali, vinavyobeba umeme vinasukumwa pembeni. Ukipima pale pembeni, unajua vina chaji gani. Elektroni ni hasi. Lakini kuna vipande ambavyo kipimo chake kinatoka chanya, na humo kinachobeba umeme ni tundu.

"Umeona weye mwenyewe?"

"Bado."

Niliona wiki chache baadaye, kwenye maabara ya chuo. Kipande cha kwanza kilitoa hasi. Cha pili kikatoa chanya, nikadhani nimekosea nyaya. Nikafungua kila kitu, nikafunga upya, nikarudia vipande vyote viwili. Majibu yakawa yale yale. Nilimpigia mama simu nikiwa bado nimesimama mbele ya sumaku. "Iko," nikamwambia. Akapiga kelele kama ng'ombe wetu amezaa.

Siku ya kutetea mradi, mhadhiri mmoja aliniuliza kwa nini sikutengeneza pampu ya sola. "Ungesaidia watu wenu kambini."

"Wanafunzi wa hapa mjini mmewauliza mitaa yao itapata nini?"

Akabadilisha swali: hilo tundu ni kitu kweli, au ni ujanja wa hesabu tu?

"Sumaku inalisukuma, na nimelipima," nikajibu. "Nje ya kipande halipo, wala sijadai kwamba lipo. Ndani lipo."

Walinipitisha, ingawa si kwa alama za juu. Kijarida cha shirika kilipotoka, kilikuwa na picha ya mkimbizi mwenzangu anayefuga kuku. Ufadhili wa shahada ya pili haukuja. Nadhani ni kwa sababu ya siku ile ya mgeni, ila hakuna aliyeniambia.

Sasa nafundisha sekondari huko Rwekubo, na naomba nafasi kwenye vyuo vingine. Safari hii nataka fononi, yaani mitetemo ya fuwele inayohesabiwa kama chembe. Kwenye maombi kuna sehemu inayouliza utafiti huo utawafaidi vipi wakimbizi. Naiacha wazi kila mara, halafu natuma.