Alama Nilizoweka kwenye Kadi ya Mama Mdogo

Chumba cha mama mdogo Nsimire kilinukia mafuta ya cherehani, vitambaa vipya, na sambaza, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakianikwa uani. Tulikuwa tumevuka mpaka na kuhamia Kamembe kutoka Bukavu, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanza kukohoa. Kituo cha afya kilisema ni kifua kikuu, akapewa vidonge vya miezi sita, vile vyekundu vinavyogeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Mama aliondoka mapema kila siku kwenda kuuza mboga mpakani, kwa hiyo kazi akanipa mimi: nimwone mdogo wake akimeza, kisha niweke alama kwenye kadi.

Miezi miwili sikukosa hata siku moja. Kisha kikohozi kikakoma, mashavu yakajaa, na vidonge vikabaki kumtia kichefuchefu tu. Asubuhi moja, akinipimia gauni la njano la Noeli, aliniomba kwa sauti ya chini, “Weka tu alama, mutoto yangu. Mi nilisha kupona. Usiambie maman yako.” Niliweka. Kesho yake nikaweka tena, na siku zilizofuata, huku vidonge akivitupa chooni. Noeli nilivaa gauni langu, kanisa zima likanisifu.

Kabla ya Pasaka alikohoa damu. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na safari hii dawa za kwanza hazikuweza kuutibu tena. Daktari aliishika ile kadi akashangaa, “Mbona hapa amemeza zote?” Mama akanigeukia. Nikainama, nikasema, “Alimeza.” Mama aliniamini, na Nsimire akalazwa mbali na nyumbani karibu miaka miwili.

Leo nafundisha biolojia. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba kijidudu cha kifua kikuu kimevaa koti la mafuta mazito kama nta. Seli zetu zina protini yenye umbo la mfuko mwembamba wenye kina: mikia ya mafuta hayo huzama ndani, pasipopenda maji, na kichwa cha molekuli ya mafuta hubaki mdomoni mwa mfuko. Seli ya ulinzi hukigusa kichwa hicho pamoja na ukingo wa mfuko, na ndivyo inavyomjua adui. Kichwa kikibadilika umbo kidogo tu, inaweza kupita bila kukitambua. Lazima mwanafunzi mmoja aulize, “Kama mwili unamtambua, mbona dawa ni za miezi sita?” Najibu kwamba kutambua si kumaliza, baadhi ya vijidudu hulala, mgonjwa akidhani amepona. Hapo nageukia ubao nikajifanya nafuta kitu.

Mwaka jana nilimweleza mama ukweli wote, nikilia. Alisubiri nimalize. “Nsimire aliniambiaka zamani,” akasema. “Ni weye nilikuwa nangojea.”

Mama mdogo bado yupo, na pafu moja linalofanya kazi. Zamani alipanda kilima cha kanisani na mzigo kichwani, mimi nikikimbia nyuma yake nisiachwe. Sasa Jumapili tunatoka saa nzima kabla ya wengine. Anasimama mara tatu njiani, mkono wake begani pangu, nami nasikia kila pumzi inavyomgharimu.