Pikapu Iliyokatwa Mabomba

Mpaka leo nikipita karibu na gereji na kusikia harufu ya rangi ya kupuliza, miguu inaniwasha, natamani niondoke. Ndiyo harufu ya uani kwetu Rusimbi, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka Kigoma, boti baada ya boti, kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani. Shangazi Mwajuma, dada pekee wa baba yangu, alikuwa ameolewa Rumonge, ng'ambo ya mpaka, Burundi. Vita ilipoanza hatukupata habari zake tena. Nyumba nzima ilikuwa roho juu. Mama yangu, mpishi wa kusifiwa, aliunguza maharage mara mbili kwa wiki moja.

Na baba je? Baba alikuwa anatengeneza gari!

Ilikuwa pikapu ya buluu ya marehemu babu, iliyolala uani miaka mingi, kuku wakitagia ndani. Baba aliapa kwamba ndiyo itakayompokea dada yake. "Akiiona tu, atajua ni sisi," alisema. Basi akaitoa picha ya babu ya siku aliyoinunua, akataka kila kitu kiwe vilevile: taa, uso wa mbele, hata rangi ya ringi.

Ugomvi ukaanzia kwenye mabomba. Babu alikuwa ameyachomelea pembeni mwa bodi ili magunia ya dagaa yasianguke. Pichani hayakuwepo. Fundi wetu, Ndayi, mkimbizi aliyetangulia kuja, alimsihi.

"Mzee, haya ni ya wakati wake. Hata kwetu Burundi, pikapu za umri huu zote tuliziwekea. Yaache, tuongeze na springi, ibebe watu."

Mama akadakia, "Wakimbizi wananyeshewa mvua kule uwanja wa mpira, wewe unahangaika na picha!"

"Nataka ilivyotoka kiwandani," baba akajibu.

Mabomba yakakatwa. Nilikuwa na miaka tisa, na nilinuna siku nzima, maana nilizoea kuning'inia pale kama popo.

Jamani, kusubiri kubaya! Uso wa mbele wa asili ulitafutwa wiki tatu, ukapatikana Tabora. Kila nikitoka shule nilikimbilia ufukweni Kibirizi kuangalia sura za akina mama wanaoshuka. Nikirudi, namkuta baba anapiga msasa palepale alipopiga jana. Naomba niwaambie ukweli: nilimchukia.

Ilipokamilika, ilikuwa inang'aa. Siku tatu mfululizo tuliuzunguka uwanja walipowekwa wakimbizi, taratibu, baba akipiga honi. Mama alimwambia ashuke akaulizie. "Atatuona," alijibu, mikono haibanduki kwenye usukani. Mimi nilikaa pembeni yake, nikitamani kuruka dirishani niite jina la shangazi mwenyewe. Hakutokea mtu.

Miezi miwili baadaye Ndayi alikwenda kambini, walikohamishiwa wakimbizi, kumtafuta kaka yake. Huko alimuulizia na shangazi yetu, hema kwa hema, mpaka akampata. Tukaenda siku iyo hiyo. Shangazi alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini kile kicheko chake cha kuchelewa kilikuwepo. Tulilia sote, tukacheka, tukalia tena. Kisha akasema:

"Kule uwanjani niliona pikapu ya buluu inazunguka, inapiga honi. Moyo ulinilipuka! Lakini ya kwetu ina mabomba. Mimi nimekua nikiyashikilia yale. Nikasema, aa, hao wana gari lao."

Picha ile ilipigwa yeye hajazaliwa. Hakuna aliyelifikiria hilo, hata baba.

Baba akakaa chini kwenye udongo mwekundu na kanzu yake nyeupe.

"Nisamehe, Mwajuma."

"Si ungeshuka tu ukauliza, kaka? Mbona hukuuliza?"

Baba akajifuta uso kwa pindo la kanzu. Nami nikambebea kinyongo miaka mingi, nikiamini alipenda gari kuliko watu.

Juzijuzi mama yangu aliugua. Siku ya majibu ya vipimo vyake nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, nikatoa vitu vyote mkobani, nikavipanga, nikavitoa, nikavipanga tena. Nesi aliita mara mbili, sikuinuka, nikiogopa nitakachoambiwa. Hapo ndipo nilipomwelewa baba yangu, ndugu zangu, nikamlilia palepale mbele za watu. Alijua kwamba akishuka na kuuliza, kuna mtu atamjibu.