Chupa Tatu za Matope ya Igogo

Viwanda vya minofu vilipofunguliwa ufukweni mwa ziwa, mama mkwe wangu alianza kukaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa. Maji ya kuyaoshea aliyamwaga kwenye magimbi yake, ukingoni mwa mafunjo ya Igogo. Msimu wa kwanza majani yalikuwa mapana kama ungo. Akaongeza ndoo. Msimu uliofuata magimbi yakaoza chini kwa chini. Alimwambia mke wangu kwamba ardhi imechoka. Mvua zikianza ataliacha shamba, arudi Kisesa kwa kaka yake. Shamba lile ndilo lililomfanya asimtegemee mtu.

Mimi nilikuwa mtunza stoo, najisomea biolojia katika kitabu kisicho na jalada nilichonunua mnadani. Kilieleza kwamba juu ya matope huishi vijidudu wanaohitaji hewa, na chini wale wasioihitaji. Nilitamani kuwaona wakifanya kazi.

Nilijaza matope ya sehemu moja ya mafunjo, isiyomwagiwa kitu, katika chupa tatu za mdomo mpana, nikaongeza maji ya ziwa. Ya kwanza sikuitia kitu. Ya pili niliitia kijiko kimoja cha maji ya mapanki, ya tatu vijiko kumi. Niliziweka dirishani na kuandika nilichokiona kila asubuhi. Mke wangu alisema majirani wanauliza tumeanza lini kupika pombe.

Siku ya tano nilimwita mbio. Chupa ya kwanza ilikuwa bado na utando wa kahawia juu. Ya pili ilikuwa na ukijani. Ya tatu ilikuwa nyeusi kama masizi, mapovu yakipanda. Vijidudu wa juu walikuwa wamekula mpaka wakaimaliza hewa, na wale wa chini wakatawala, wakitoa gesi yenye harufu ya yai viza, inayoua mizizi. Jambo la kitabuni lilikuwa limetokea dirishani kwangu.

Lakini kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, wala hampi kitu mkononi. Nilizipeleka chupa shambani, mke wangu akiwa nami, nikaziweka chini, nikarudi nyuma hatua kumi, nikageuka kando na kumwamkia. Akaitikia, akafungua ya tatu.

“Mumeo ameniletea choo,” alimwambia mke wangu.

Kisha akainusa tena. Alichukua jembe, akang'oa gimbi moja lenye mizizi myeusi na kulinusa. Harufu ilikuwa ileile.

“Muulize, ndoo moja je?”

Nilimsikia vizuri, ila nilingoja mke wangu arudie swali. Nikayajibu mafunjo: asimwage hata moja, hadi matope yarudi kuwa ya kahawia; maji yale yapelekwe nchi kavu, kwenye migomba.

Mvua zilianza, naye hakwenda Kisesa. Asubuhi moja nilikuta chupa ya kwanza mlangoni, imejazwa matope mapya ya shambani. Mama anataka uyasome, mke wangu alisema. Niliandika: utando wa kahawia, unene wa ukucha. Mzizi mmoja, mweupe.