Siku Niliyomuua Baba Bukwe Ndani ya Kompyuta

Nilimuua baba bukwe, yaani baba mkwe wangu, mchana kweupe, Jumamosi, siku ya posho, mbele ya majirani wote wa avenue yetu ya Kampemba, naye mwenyewe amekaa kwenye kiti changu kizuri, kofia magotini. Ujinga ulikuwa wangu peke yangu, simsingizii mtu.

Mimi ni mtu wa nyumbani; wenzangu wakienda kwenye mpira, mimi ninafunga pazia. Kompyuta nilikuwa nimeinunua kwa enjenia Mzungu aliyekuwa anahama villa yake kule mtaa wa Golf, na kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo (nilihakikisha kila mtu anajua). Ilikuja na michezo miwili: mmoja wa kijitu chenye upanga kinachoruka mashimo, na mwingine, ulioandikwa jeu de rôle juu ya kifuniko, yaani mchezo wa kuvaa uhusika, wa watu wanne wanaoingia pangoni kutafuta taji. Huo wa pili niliupenda mpaka nikachora ramani ya pango zima kwenye daftari la hesabu, na ramani hiyo ninayo hadi leo, msinicheke.

Ubishi ulianzishwa na Salumu, fundi wa redio, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye babu yake alitoka Maniema na mdomo wake wote.

"Citoyen, unatudanganya. Yote mbili iko na muntu, iko na upanga. Yote iko jeu de rôle."

"Hapana! Ule wa kuruka, akikufa anaamuka vilevile, hajajifunza kitu. Huyu wangu unamuumba weye: unamugawia nguvu, akili, bahati. Ile inamupata inamukomalisha. Na ile unachagua, hairudi nyuma."

"Ni hesabu tu. Hata mupira iko na hesabu."

Ningenyamaza hapo. Lakini (sifa hizo!) nikamwambia aje siku ya posho na avenue nzima, nitawaonyesha tofauti, na kwa kuwa wiki hiyo tulikuwa tunangoja jibu la mwisho la ukoo wa Kabibi, mchumba wangu, nikamwalika na baba yake, aone binti anakwenda kwa mtu wa akili.

Sasa, ili wageni waelewe upesi, nikawapa wale watu wanne majina yetu. Nyuma kabisa nikajiweka mimi, mganga. Katikati Salumu na Kabibi. Mbele, wa kupokea mapigo, nikaandika Ngoie, jina la baba bukwe, mzee aliyesimama miaka mingi mbele ya tanuru la shaba. Kwetu mkwe hatamki jina la bukwe, na njiani unampisha. Nikajiambia kuandika si kutamka (ndiyo faida ya sekondari).

Jina lilipotokea, wote waliojaa saloni ya nyumba yangu wakavuta pumzi.

"Iko miye pale?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba. Nguvu kumi na saba."

Akageuka kuwaangalia watu, polepole, kuhakikisha wote wamesikia. Nusu saa iliyofuata ndiyo tamu kuliko zote za maisha yangu: kila nambari ikipanda watu wanapiga makofi, "Baba amekomaa tena!", Salumu anamgombeza Salumu wa pangoni kwa uvivu, na mzee mwenyewe kofia imeanguka chini haoni.

Halafu panya wakubwa wakatoka. Ngoie akaumwa mpaka akabakiwa na uhai kidogo. Mimi nilikuwa nimekwaruzwa tu. Chupa ya dawa ilikuwa moja.

"Mupe baba! Mupe baba!"

Ninyi, miezi mitatu nilikuwa nimecheza peke yangu, na peke yangu dawa daima nilimpa mganga. Vidole vikaenda vyenyewe. Kioo kikaandika kwamba mganga amekunywa, panya wakarudi, na pale aliposimama Ngoie likatokea kaburi dogo lenye jina lake.

"Murudishe," mzee akasema.

"Baba, hairudi."

"Juu ya nini?"

"Juu… iko jeu de rôle, baba."

Akaokota kofia, akatoka.

Wiki iliyofuata nilivuka Kampemba nikivuta mbuzi dume, mjomba wangu mbele, kwenda kuomba msamaha. Mzee akampokea mbuzi bila kunitazama, akatuacha tumekaa, kisha akauliza jambo moja tu: "Nilifika nguvu ngapi?"

"Kumi na tisa, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Kabibi nilipewa, na sasa hivi ninamsikia jikoni.

Niliapa sitaandika tena jina la bukwe ndani ya mashine yoyote. Lakini maelezo yangu ya tofauti ile siyaondoi, na ninajivuna nayo: watu wazima walinikasirikia wiki nzima kwa ajili ya alama ya kwenye kioo, ndogo kama punje ya mchele, kwa kuwa walikuwa wamemkomaza wenyewe. Kijitu cha kuruka nani alikililia? Nikamuuliza Salumu, kupitia juu ya ukuta wetu, kama sasa anakubali.

Akaweka redio chini.

"Nimekubali, ile yako iko jeu de rôle ya kweli. Ule wa kuruka angekufa hata mara mia, na hatungejua kama weye ni muntu wa kukunywa dawa ya bukwe."