Chembe za Fedha kwa Vyungu vya Matema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika taasisi ya utafiti Dar es Salaam, niliambiwa nivue viatu. Vilikuwa vipya, vyeusi, vya kisigino kifupi. Mama alikuwa ameuza mpunga wa kijijini kwetu Busale ili aninunulie pale Kyela mjini, na nilitaka vionekane. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likakonda, alinipa ndala za plastiki na kitambaa chenye unyevu.

"Anza na sakafu, binti," alisema.

Nilidhani amenichukulia kuwa mfanya usafi. "Mzee, mimi ndiye mtafiti msaidizi mpya. Nimesoma fizikia."

"Najua. Upande wa dirishani nimeshamaliza mimi. Wewe malizia huku."

Nikamtazama vizuri. Suruali yake ilikuwa imekunjwa hadi kwenye miundi, na magoti yalikuwa yamelowa. Nikapiga magoti nikaanza kufuta.

Ninyi mnaoanza kazi leo mna mashine za kusafisha hewa. Sisi hatukuwa nazo, na vumbi lilikuwa adui wetu mkubwa. Tulikuwa tukitengeneza utando wa metali juu ya vioo kwa ajili ya umeme wa jua. Metali ilipashwa moto ndani ya pipa la chuma ambalo hewa yake yote imenyonywa na pampu, hali tunayoiita ombwe. Ikageuka mvuke, kisha ikatua juu ya kioo kwa wepesi kuliko umande. Unene wa utando ule tuliupima kwa nanomita. Ukichukua milimita moja ukaigawa mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Vumbi likidondoka hapo, ni kama jabali limeangukia shamba la mpunga.

Mwanamke nilikuwa peke yangu. Choo cha wanawake hakikuwepo katika jengo letu, nilikuwa nikivuka uwanja hadi maktaba, mvua inyeshe isinyeshe. Wageni wakija waliniagiza chai. Mkuu wa Maabara aliinuka akaileta yeye mwenyewe, akaiweka mezani na kusema, "Huyu aliyekaa hapa ndiye atakayewaeleza utafiti." Kisha akaketi, nami nikaeleza.

Yeye ndiye aliyenisukuma niende Ulaya kusomea udaktari wa falsafa. Kule nilijifunza kutengeneza chembe za fedha zenye ukubwa wa nanomita kadhaa tu. Nasema madini ya fedha, yale ya pete na mikufu. Unachukua chumvi ya fedha, unaiyeyusha katika maji safi sana, unachemsha, unatia kemikali ya kuitenganisha. Maji yanaanza kugeuka rangi, na mara ya kwanza nilipoyaona niliinama karibu nikayatazama. Hayakuwa meupe wala hayakung'aa. Yalikuwa manjano, kama chai ya rangi iliyotiwa majani kidogo. Kitu kikiwa kidogo kiasi hicho, hata rangi yake hubadilika, na hata tabia yake. Chembe zile ziliua vijidudu vya maji ambavyo kipande kikubwa cha fedha kisingevisumbua sana.

Niliporudi nchini nilikuta msiba nyumbani. Mito ilikuwa imefurika kama ilivyo kawaida yake wakati wa masika, vyoo na visima vikawa kitu kimoja, na kipindupindu kikamchukua mtoto wa dada yangu, Ipyana, aliyekuwa ameanza shule mwaka huohuo. Dada yangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Huko ulikokuwa unasoma, hamsomi habari za maji?"

Swali hilo nilirudi nalo maabara. Nikamweleza Mkuu wa Maabara ninachotaka: chungu cha kuchuja maji. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na pumba za mpunga zilizochekechwa. Kikichomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vidogo mno, maji yanapita humo polepole, tope linabaki. Kisha chungu kinapakwa chembe za fedha ili kumaliza vijidudu vinavyopenya.

"Udongo utautoa wapi?" aliuliza.

"Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu tangu enzi na enzi."

"Na pumba?"

"Mzee, kwetu ni Kyela."

Akacheka mpaka akavua miwani.

Pale Matema nilimpata Mama Lugano, mfinyanzi wa makamo, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," akaitikia, "Ndaga, mwanangu," ingawa hatukupishana sana umri. Nilipomwambia kwamba chungu chake kitapakwa fedha, aliwageukia wenzake.

"Mnasikia? Sisi fedha hatuna ya chumvi, yeye anaipaka kwenye vyungu!"

Walicheka, nami nikacheka, kisha nikawaonyesha yale maji ya manjano ndani ya chupa. Mama Lugano akaiinua juani, akaigeuzageuza.

"Na hii ikiingia tumboni mwa mtoto?"

"Nitapima," nilimjibu. "Sitakupa kitu ambacho sijakipima."

Tulihangaika. Pumba zikizidi, chungu kilipasuka motoni. Zikipungua, maji yalikataa kushuka. Yeye alisoma moto na udongo, mimi nilisoma vitundu na maji, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Vipande nilivisafirisha Dar es Salaam, kwenye hadubini ya elektroni ambayo taasisi ilikuwa imeipata, mashine inayotumia elektroni badala ya mwanga ili kuona vitu ambavyo mwanga hauwezi kuvionyesha. Niliziona chembe zangu zimekaa kwenye kuta za udongo wa ziwa letu, na nikalia mbele ya fundi mitambo. Nilipima maji yaliyochujwa, nikapima tena, na fedha iliyotoka ilikuwa kidogo kuliko kiwango kinachoruhusiwa.

Tukaanza kuvigawa katika nyumba za ufukweni, kila chungu ndani ya ndoo yake yenye koki. Masika yalipokuja, nyumba zile hazikuugua. Mama Lugano alinipigia simu, akapaza sauti kana kwamba anataka imfikie bila simu: "Dokta! Watoto wako shuleni wote! Ndaga fijo, asante sana!" Katika miaka yangu yote ya kazi, sijapata tuzo iliyoizidi simu ile.

Mwaka uliofuata Mkuu wa Maabara alistaafu, na baada yake akaja Mkurugenzi mpya wa taasisi nzima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa nadhifu, mwepesi wa kusoma ripoti, na alitaka taasisi yetu ijulikane duniani. Aliniita ofisini kwake.

"Dokta Tusekile, kazi yako ni nzuri mno kuachwa kwenye vyungu," alisema. "Tutatafuta kiwanda. Kichujio cha plastiki, chenye nembo yetu, nchi nzima. Mpaka mwekezaji apatikane, simamisha kugawa."

"Mkurugenzi, fedha inachakaa. Vile vyungu vinahitaji kupakwa upya, la sivyo vitabaki udongo mtupu."

"Watasubiri kidogo."

"Mafuriko hayasubiri."

Nilibishana naye siku ile, nikabishana kwenye vikao, nikamfuata hadi kwenye gari lake. Akanisikiliza kwa adabu kila mara. Kisha akanipandisha cheo. Nikawa Mkuu wa Idara, mwenye ofisi yenye zulia, na kazi yangu ikawa kusaini likizo za watu na kukaa kwenye vikao. Ndugu zangu Busale walinifanyia sherehe na kuchinja ng'ombe. Nilikula nyama ile huku nikihesabu vyungu visivyopakwa.

Mwekezaji hakuja. Aliyekuwa aje alikwenda nchi nyingine, na wa pili hakurudi baada ya kikao cha kwanza. Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, hadubini ya elektroni ikaungua moyo wake. Kipuri kiliagizwa, kikaagizwa tena, mpaka fundi mitambo akaifunika kwa shuka. Wanafunzi niliowafundisha walihamia kwenye utafiti wa betri, kwa kuwa huko ndiko ufadhili ulikokwenda. Siwalaumu. Mtafiti naye anakula.

Nikastaafu. Waliniaga kwa maneno mazuri, na hakuna aliyetaja vyungu.

Sasa naishi Busale, katika nyumba ya mama, nina mpunga na migomba na kakao kidogo. Vijana wakija kuniuliza kama nilifaidi maisha ya sayansi, nawaambia ndiyo, na sidanganyi. Niliona vitu ambavyo bibi zangu wote hawakupata kuviona. Lakini najua pia kwamba jibu la swali la dada yangu nililipata, nikalishika mikononi, kisha likaondolewa nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri.

Mwezi uliopita nilikwenda Matema. Kwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, nje ya kila mlango, niliona vyungu vya umbo ninalolijua, vimepandwa maua. Nikamtafuta Mama Lugano. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini bado anafinyanga.

"Wageni wanavipenda," aliniambia. "Maji yanatoka vizuri chini, maua hayaozi."

"Na nyumbani mnakunywaje?"

"Tunachemsha kuni zikiwepo." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Masika haya tumezika. Dokta, ile dawa yako ya manjano, umestaafu nayo?"

Nilikaa chini kwenye mkeka wake. Chembe zile naweza kuzipika hata leo, jikoni kwangu, kwa sufuria. Nilimwambia hivyo.

Macho yake yakawaka. "Basi pika!"

"Siwezi kuzipima, mama. Sina tena cha kupimia. Zikitoka mbaya sitajua, na watakaokunywa ni watoto."

Hakukasirika, na heri angekasirika. Aliinama, akachota udongo, akaendelea kufinyanga, nami nikakaa kando yake nikichekecha pumba za vyungu vyake vya maua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo pale.