Mguu wa Sherifu Gandy

Binamu yangu Orval Gandy ni fundi wa pampu za visima, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni sherifu. Si sherifu wa kupigiwa kura, yule askari mkuu wa kweli. Huyo tunaye, ana gari na kitambi. Orval ni sherifu wa maonyesho. Kila Jumamosi ya kiangazi, saa sita mchana, anavaa koti jeusi, anabandika nyota ya bati kifuani, anashuka barabara kuu ya mji wetu wa Tarbell akichechemea, na mbele ya duka la mbegu anawaua majambazi wanne ambao siku za kazi ni walimu watatu na muuza bima. Watalii wanapiga makofi. Majambazi wanafufuka, wanajikung'uta vumbi, wanakwenda kunywa kahawa.

Yote haya yaliletwa na filamu. Zamani, mama yangu akiwa msichana, watu wa filamu walikuja hapa Kansas kupiga picha maisha ya Amos Gandy, baba yake babu yetu, sherifu wa kwanza wa wilaya. Mwanzoni kabisa waliandika kwa herufi kubwa kwamba hii ni hadithi ya kweli. Katika hiyo kweli yao Amos ni mrefu kama mlango, anapigwa risasi ya goti, kisha anachechemea peke yake kuwakabili wauaji huku mji mzima umejifungia ndani. Watu wa hapa wameitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko walivyofungua Biblia, na sisi ni watu wa kanisa.

Orval alipopewa nyota, miaka thelathini na moja iliyopita, kichwa kikamvimba. Mwanzoni alichechemea Jumamosi tu. Baadaye akachechemea na Ijumaa, ati anajipasha. Mwishowe alichechemea dukani, kanisani, hata kwenye mazishi ya mama yake mzazi. Nilimfinya mkono nikamnong'oneza, "Wee, tembea vizuri, mama yako yuko kwenye jeneza!"

"Ni la ukoo hili, dada Idella," akanijibu. "Baridi ikija goti linaniuma palepale alipopigwa babu."

Jamani! Upara unarithiwa, sawa. Kisukari kinarithiwa. Risasi inarithiwaje?

Sasa, mimi ndiye ninayetunza makumbusho ya mji, yaani chumba kimoja nyuma ya maktaba. Machi iliyopita nilifungua sanduku la bibi yetu nikakuta daftari la kazi la Amos mwenyewe. Nilisoma nikicheka mpaka miwani ikanidondoka. "Leo nimeua mbwa koko watatu. Nimepigilia ubao uliolegea mbele ya kanisa." Kesho yake, mbwa wawili. Keshokutwa, nguruwe wa mjane kaingia posta. Majambazi hakuna, hata wa dawa. Na akiwa na miaka sitini na mmoja ameandika, "Nimemfuata mwizi wa kuku kwa miguu maili saba, nikarudi naye maili saba. Miguu haina neno."

Chini ya daftari palikuwa na barua ambayo mshonaji wa mavazi ya ile filamu alimwandikia bibi. Farasi alimkanyaga mguu mwigizaji wa Amos siku ya pili, muda wa kumsubiri apone haukuwepo, basi wakaongeza risasi kwenye hadithi.

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Maringo ya Orval yalikuwa yamenifika hapa kooni, nikavipeleka vyote viwili kwa Gaylord Fenske, mwenye nyumba ya maiti na mwenyekiti wa kamati ya maonyesho. Fenske alifurahi kupita kiasi. Mwaka huu, akasema, tutatangaza kweli tupu. Mbwa wakaondolewa, kwa kuwa watalii wanapenda mbwa. Nguruwe akaonekana hana heshima. Majambazi wanne wakabaki kwa ajili ya biashara. Kweli iliyosalia ikawa mguu peke yake: sherifu atembee wima. Na Kip Lundeen, yule muuza bima, ambaye amekufa kila Jumamosi kwa miaka kumi na mbili huku akiimezea mate ile nyota, akaomba yafanyike majaribio ya kumchagua sherifu.

Siku moja kabla ya majaribio Orval alikuja makumbusho. Alikaa kitini akizungusha kofia mikononi.

"Dada, hilo daftari haliwezi kupotea kidogo?"

"Lipotee, lina miguu?"

"Msimu huu mmoja tu. Mimi bila ile nyota ni nani hapa mjini?"

"Si unyooshe mguu, Orval! Ndiyo kazi ngumu hiyo?"

Aliondoka akichechemea, na mimi nikasonya kwa sauti ili asikie.

Jumanne asubuhi tulijipanga barabarani. Njia yenyewe ilikuwa hatua mia, kutoka kwa kinyozi mpaka duka la mbegu. Kip alitangulia, akatembea kama mtu anayekwenda kuchukua gazeti lake, lakini wima. Kisha akaja Orval. Hatua kumi za kwanza alinyooka barabara, uso ukimbadilika rangi. Ya kumi na moja nyonga ikamvuta pembeni. Akajinyoosha. Ikamvuta tena.

"Mazoea hayo!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka.

"Orval!" nikapaza sauti, na nilijua wananisikiliza. "Acha kuigiza, filamu imeisha!"

Vicheko vikaongezeka. Orval akasimama, akashika mti wa kufungia farasi kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu naye kuliko wote, nikaliona jasho linavyomtiririka kwenye masharubu.

"Siigizi, dada," akasema polepole.

Nikamsogelea. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia tangu nizaliwe.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tisa huu. Daktari anasema nyonga imesagika kwa kutembea upande."

"Miaka tisa! Mbona hukusema?"

Aliwatazama watu waliojipanga barabarani, kisha akanitazama mimi.

"Ningesema saa ngapi? Kila nilipoumia mlikuwa mnapiga makofi."